Namba Saba Kwenye Mlango wa Friji

3 Machi

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo.

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, na nakuandikia wewe kwa sababu uko mbali na huwezi kunitazama usoni ninapolisema. Ile karatasi ya chakula iliyobandikwa kwenye mlango wa friji yetu, ambayo Mama anaifuata mwezi wa tano sasa na Bibi anaisimamia kama askari wa zamu, haikutoka kwa daktari. Niliiandika mimi.

Tafadhali usinipigie simu. Najua huko kwenye kambi ya reli mtandao unakuja na kuondoka, lakini hata ukija, usipige. Kwenye simu ulimi wangu unagoma, na kuta za nyumba hii ni nyembamba mno. Bibi akipiga chafya chumbani kwake, mimi namwitikia kutoka jikoni. Barua nimempa dereva wa lori la unga. Amesema Jumatatu atakuwa anashusha mzigo mlangoni kwako.

Ngoja nianze mwanzo. Unakumbuka Oktoba, Mama alipoanza kuona vitu viwili viwili na vidole vikafa ganzi hata akashindwa kushika mkasi? Baada ya vipimo vyote akaambiwa ni sklerosisi, ugonjwa wa neva. Muuguzi alinifafanulia vizuri. Alisema kinga ya mwili inapotea njia, badala ya kupigana na adui inaguguna ganda la neva, kama panya anavyoguguna ngozi ya waya wa umeme, halafu taa zinawaka na kuzima bila mpango. Bibi hajaweza kulitamka jina hilo mpaka leo. Anauita Mgeni. "Mgeni kaamkaje?" ndiyo salamu yake kwa Mama kila asubuhi.

Siku tuliyoenda kwa mtaalamu wa lishe, Mama aliitwa chumba cha macho, nikaingia peke yangu. Yule mama alizungumza nami kama nusu saa. Alisema hakuna chakula kinachoponya ugonjwa huu, ila chakula kizuri cha kawaida kinamsaidia mtu awe na nguvu, asinenepe kupita kiasi, na tumbo lisifunge. Hakunipa karatasi yoyote. Nami sikuomba. Unanijua.

Tuliporudi, Baba alikuwa mlangoni na futi yake ya kushonea shingoni. Akauliza swali moja tu: "Karatasi ya chakula iko wapi?"

Nikasema hakuna.

"Daktari gani huyo, anamwacha mgonjwa arudi nyumbani mikono mitupu?"

Bibi akadakia kutoka kwenye kiti chake: "Daktari asiye na karatasi ni mpita njia."

Niliona uso wa Mama umeshuka, kama mtu aliyefika kwenye foleni akaambiwa hata namba hana. Ndipo nikasema, "Watatuma." Mama Mdogo, neno moja tu! Kesho yake nikaenda kwenye duka la kuchapa, na siku ya tatu karatasi "ikafika".

Namba moja hadi sita ni maneno ya yule mtaalamu, niliyakumbuka yote. Mboga za majani kila siku. Samaki mara mbili au tatu kwa wiki, nyama nyekundu kidogo. Chumvi ya kupimwa, na mafuta yaliyokaangia yasirudiwe. Sukari kijiko kimoja kwenye chai. Matunda, na maji ya kutosha hata kama choo cha mara kwa mara kinaudhi. Jua la asubuhi dakika ishirini.

Namba saba niliitunga mwenyewe. Nilichapa hivi: "Mgonjwa asile peke yake. Chakula cha jioni watu wote wa nyumbani wakae mezani pamoja."

Niliiweka kwa sababu ya Baba. Tangu Mama aanze kuangusha kijiko, Baba alikuwa anakula kule kiwandani, kwenye meza ya kukatia nguo. Alisema kazi zimejaa. Mama alikuwa akipakuliwa, anasema hana njaa. Karatasi ilipobandikwa, Baba aliisoma mara mbili akiwa amesimama, na jioni ile ile akarudi saa kumi na mbili na nusu. Hajakosa siku hata moja tangu hapo. Sasa Mama anakula, ameanza hata kukata vitambaa vyepesi, na kila mtu anasema karatasi imefanya kazi.

Lakini kuna kitu kinaninyima raha. Sindano za Mama zinakaa ndani ya friji hiyo hiyo, nyuma ya mlango huo huo. Anatakiwa kujichoma mara tatu kwa wiki. Jana nilipokuwa natoa samaki nikaona zimebaki sita kwenye boksi. Wiki iliyopita zilikuwa sita. Na wiki ya kabla yake.

Sijui nifanye nini.

Mwanao,
Kimya

—

5 Machi

Mdogo wangu,

Dereva wa unga hakuondoka juzi, gari lilimgomea, kwa hiyo nami nimepata nafasi ya kukusalimu. Utapata barua mbili kwa mkupuo, yangu na ya huyu binti yangu ambaye sijui mna siri gani.

Mimi ni mzima. Nasema mzima, si "sijambo kidogo". Juzi nimekata suruali mbili za watoto na mkasi haukuanguka. Hiyo karatasi ya lishe, dada yako nilikuwa siiamini, mchicha na samaki, nikasema huu si ugonjwa wa mafua. Lakini imenisimamisha. Bi Saluni, jirani yetu, ameinakili kwa ajili ya magoti ya mume wake. Hata fundi wa redio wa hapo kona ameomba nakala, na yeye haumwi kitu.

Kazi ni kwa mama mkwe wangu. Hajui kusoma, lakini amezikariri zote kwa namba. Ukinyoosha mkono kwenye bakuli la sukari unasikia, "Nne!" Ukitaka kuacha mboga, "Moja hiyo, moja!" Juzi mgeni wa watu kaja kulipa nguo yake, kakaribishwa mezani, kashika chumvi, bibi kamfokea, "Tatu!" Yule baba akatoa shilingi tatu.

Sasa nikuambie jambo, libaki kwako. Zile sindano nimezipumzisha, wiki ya tatu hii. Kila nikijichoma mwili unatetemeka kama una homa, na siku inayofuata sina mkono wala mguu. Bi Saluni aliniuliza, kama chakula kimekuponya, sindano ya nini tena? Nikaisoma karatasi upya. Namba zote saba, hakuna inayotaja sindano. Wangetaka niendelee wangeandika. Binti usimwambie, ana roho nyepesi huyo.

Ukipata samaki wakavu wasio na chumvi nyingi, mpe dereva.

Ni mimi dada yako

—

10 Machi

Kimya mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama kati ya masufuria mawili, wali ukaungua kidogo. Mafundi wa reli mia na ishirini wamekula ukoko kwa ajili yako na hakuna aliyelalamika, maana wananiogopa.

Kwanza nikucheke, kisha nikugombeze.

Nimecheka kwa namba saba. Mimi napikia watu mwaka wa kumi na tano, na hakuna kitabu cha upishi kilichowahi kuniambia kwamba chakula kinahitaji mtu wa upande wa pili wa meza. Wewe umeigundua ukiwa na miaka kumi na minane, na bado matokeo ya mtihani hayajatoka.

Sasa nakugombeza. Yule mtaalamu alikuambia hakuna chakula kinachoponya. Hilo ndilo neno alilolisema kwanza kabisa, na ndilo pekee ambalo hukulichapa. Umeandika mchicha, umeandika jua, ukasahau kwamba karatasi ikibandikwa ukutani watu wanaisoma kama vile hakuna jambo jingine duniani. Mimi nikimwandikia msaidizi wangu "weka chumvi, weka kitunguu" nisiandike "washa moto", siku moja nitakuta sufuria ya baridi.

Kwa hiyo usihesabu tena sindano. Mwambie mama yako. Wewe, kwa mdomo wako, wiki hii. Usiulize nimejuaje kwamba ni haraka, ila ni haraka. Ugonjwa wa namna hiyo ukitulia haujafunga virago. Umekaa tu uani unakusikiliza.

Najua maneno kwako ni kazi. Nikupe dawa yangu ya jikoni: sema ukiwa na kitu mkononi. Mkono ukiwa na shughuli, ulimi unasahau aibu.

Samaki wakavu wa mama yako wamo kwenye mfuko wa kaki. Waloweke kwanza, chumvi itoke.

Mama Mdogo

—

17 Machi

Mama Mdogo,

Shikamoo. Nimeshindwa, na nimeshindwa vibaya.

Alhamisi nilijiandaa kusema. Nilishika kikombe ili mkono uwe na shughuli, kama ulivyonielekeza. Mama akasema, "Umekiosha mara tatu hicho kikombe, utakitoboa." Nikakiweka kabatini nikaondoka.

Basi nikafanya lile ninaloliweza. Nilirudi duka la kuchapa, nikatoa karatasi mpya yenye namba nane: "Sindano ziendelee kama kawaida. Chakula hakichukui nafasi ya dawa." Herufi zile zile, ukubwa ule ule. Ijumaa kabla hawajaamka nikabandua ya zamani nikabandika mpya. Nikaipaka hata alama ya mafuta pembeni ifanane na ile.

Nilimsahau Bibi.

Bibi hasomi, lakini kila asubuhi anapita na kidole chake kwenye ile karatasi, mstari kwa mstari, kama anahesabu kuku. Akafika saba, kidole kikaendelea. Akarudi juu akaanza upya. Kisha akaita nyumba nzima.

"Jana walikuwa saba. Huyu wa nane kazaliwa lini?"

Baba akacheka, akasema macho ya uzee. Bibi akamjibu, "Macho yangu mazee, kidole changu bado kijana." Mama akaja akasoma. Akaisoma taratibu sana, halafu akanitazama mimi, si karatasi.

"Daktari alisahau nini mwanzoni," akauliza, "mpaka akumbuke leo?"

Mama Mdogo, pale ndipo mlango ulipokuwa wazi. Ningesema neno moja tu. Nikasema, "Labda wametuma nyingine." Mama akasema, "Labda," akaenda kukaa juani, namba sita.

Sindano bado ni sita.

Ninachoogopa nikuandikie wazi. Nikisema karatasi ni yangu, yote inaanguka, na namba saba inaanguka nayo. Baba atarudi kula kiwandani. Hujaona meza yetu siku hizi. Kijiko cha Mama Baba amekishonea kifuniko cha kitambaa kizito kwenye mpini, kinene kama gunzi, hakimtoki tena mkononi. Anamwambia, "Bibi mkubwa, nisogezee chumvi," na Mama anamwambia, "Tatu," na wote wanacheka. Mimi ndiye niliyewaleta pale kwa uongo. Nitawaambiaje?

Lakini leo wakati wa chai Mama alimimina pembeni ya kikombe. Alifuta haraka, akasema birika limechakaa. Birika ni jipya.

Kimya

—

19 Machi

Kwa shemeji,

Salaam. Mimi si mwandishi, utanisamehe. Nina maombi mawili.

La kwanza. Joto likizidi, mke wangu macho yanafifia na miguu inakuwa mizito. Nimeanza kumshonea kizibao chenye mifuko minne, miwili mbele, miwili mgongoni, ya kuwekea barafu. Nimesikia samaki wa jikoni kwenu wanakuja na vile vifuko vya kugandishwa. Mkimaliza kazi navyo, niwekee vinne. Nitumie na urefu na upana wake kabla, nisikosee mifuko.

La pili ni hili. Kwenye ile karatasi ya chakula kuna namba saba. Sijui kama wamekusimulia. Inasema mgonjwa asile peke yake.

Shemeji, mimi nilikuwa nakula kiwandani. Nilisema kazi ni nyingi. Kazi haikuwa nyingi. Kile kijiko kilipokuwa kinaanguka sikujua niangalie wapi. Nikiokota naona nimemwonesha ameshindwa, nisipookota naona nimemwacha. Kwa hiyo nikakimbia. Mwanamume mzima nikimkimbia kijiko.

Karatasi ilipokuja ilikuwa kama amri, na mimi amri naiweza. Nikakaa. Siku ya tatu nikaona kumbe mpini ni mwembamba tu, na hilo ni tatizo la fundi. Bila mtu yule aliyeandika namba saba nisingejua nirudi kwa njia gani. Kurudi tu mwenyewe niliona aibu.

Nataka nimshonee shati, au gauni kama ni mwanamke. Nimemuuliza binti jina la mwandishi, akaniangalia kama nimemuuliza jina la jini. Wewe anakuandikia kila wiki. Tafuta kwa njia yako, unipatie vipimo: bega, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Jina si lazima. Kwangu vipimo vinatosha.

Haya usimwambie mke wangu.

Shemeji yako fundi

—

24 Machi

Kimya,

Barua hii ni fupi, nina samaki wa kuparua.

Karatasi ya pili ilikuwa ujinga, na nimeicheka mpaka msaidizi wangu akanipigapiga mgongo. Bibi yako angekuwa mkaguzi wa mabehewa, reli hii isingepoteza hata msumari.

Unaogopa kwamba ukisema ukweli meza itavunjika. Sikiliza, mimi nina sababu zangu za kusema hivi na sitakupa hata moja: meza hiyo haisimami kwa karatasi tena. Ilianza hivyo, sawa. Hata mwiko unaanza kwa kuwa mti. Lakini macho ya mama yako yanasimama kwa zile sindano, na chai imeshamwagika.

Jumamosi ya tarehe 29 nitapanda lori la unga, nije mpaka hapo mlangoni. Nikikuta hujasema, nitasema mimi, mbele ya wote, kwa sauti hii yangu ya kuita watu mia na ishirini chakulani. Chagua.

Vifuko vinne vya barafu anavyo dereva. Mpe baba yako.

Na jambo moja dogo. Niandikie vipimo vyako: bega, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Usiniulize kwa nini.

Mama Mdogo

—

2 Aprili

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Sasa unajua kwa nini yule dereva alifika Jumatano iliyopita na kikaratasi chenye maneno mawili tu, "Nimesema. Usije." Niliogopa usije ukapanda lori bure. Leo nina nafasi ya kukueleza.

Nilisema Jumanne, muda wa namba sita. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma, jua limemfika magotini, nami nilikaa ngazi ya chini yake nikichambua mboga. Safari hii sikushika kikombe. Fungu la mboga lina majani mengi, huwezi kulimaliza haraka ukakimbia. Nikachambua nusu yake. Kisha nikasema, bila kugeuka:

"Mama, namba saba ni mimi."

"Namba saba nini?"

"Niliiandika mimi. Na zote niliziandika mimi. Sita nilisikia kwa mtaalamu, ya saba ni yangu. Na ya nane alisema yeye, tena alianza nayo, nikaisahau."

Nikaendelea kuchambua, mpaka nikaona natupa majani na kubakisha vijiti.

"Kumbe nimekula barua yako miezi mitano," akasema Mama.

Nilidhani anatania, nikageuka. Hakuwa anatania. Alikasirika, Mama Mdogo, na alikuwa na haki. Alisema, "Unajua nimeacha nini kwa sababu ya karatasi hiyo?" Nikasema najua, ziko sita. Akasema, "Ulijua, ukanyamaza?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Hii aibu yako ipunguze kabla haijaniua." Maneno hayo nayaandika kama alivyoyasema, kwa sababu sitaki kuyasahau.

Halafu akavua kiatu cha kushoto, akanionesha vidole vya mguu kama vile vingekuwa na rangi tofauti. "Hivi havipo, vimekufa ganzi," akasema. "Siku ya nne leo. Nami nilinyamaza. Kwa hiyo tuko wawili." Akanyoosha mkono nimwinue.

Tulienda hospitali asubuhi ile ile, na mboga ikabaki kwenye ngazi. Daktari alimpima kwa nyundo ndogo na kwa kumtembeza kwenye mstari wa sakafu. Alisema tumewahi. Vidole vimeguswa, lakini macho hayajarudi kwenye hali ya Oktoba, na ile chai ilikuwa onyo tu. Alimwambia ugonjwa huu una tabia ya kutulia wenyewe, na ukitulia kila mtu anamsifu mtu wake, huyu mchicha, yule mganga. Sindano kazi yake ni kupunguza safari za Mgeni. Na kumbe kulikuwa na njia ya kule kutetemeka! Ameze kidonge cha homa kwanza, ajichome wakati wa kulala, mtetemo upite akiwa usingizini. Mama akamuuliza kwa nini hakuambiwa mapema. Daktari akasema, "Hukuuliza." Mama akanitazama, nami nikamtazama, tukaona aibu ni ya ukoo.

Kisha tukapita kwa mtaalamu wa lishe, yule yule. Mama alikuwa amebandua karatasi akaja nayo kwenye mkoba. Akaiweka mezani. Mimi nilitamani sakafu inimeze.

Yule mama akavaa miwani, akasoma moja mpaka sita akitikisa kichwa kukubali. Akasema, "Haya ni maneno yangu, lakini karatasi si yangu. Nani kaipanga vizuri hivi?" Akachukua kalamu, akaivusha namba nane kwa mshale mpaka juu kabisa. "Hii ndiyo ya kwanza. Zingine zote zinaifuata." Kisha kalamu ikasimama kwenye saba.

"Hii sikuisema," akasema.

Nilifungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Iache," akasema.

"Mama, sisi tunaandika mambo ya lishe tu hapa."

"Nilikuwa naonja vijiko viwili nasema nimeshiba," Mama akamwambia. "Mwezi mzima. Tangu namba hiyo iwekwe namaliza sahani. Hiyo si lishe?"

Yule mama akavua miwani, akaipangusa na pindo la koti lake. Halafu akafungua droo, akatoa muhuri, akaupuliza, akaugonga chini ya karatasi yangu. Muhuri wa kweli, Mama Mdogo, wa bluu, wenye tarehe.

Nyumbani Baba aliusogeza uso wake karibu na muhuri, akasema, "Sasa hii ndiyo karatasi." Bibi akapita na kidole. "Nane," akatangaza. "Huyu wa nane sasa ana cheti cha kuzaliwa." Jioni tulikula samaki wako. Niliwaloweka mara mbili na bado walikuwa na chumvi, Bibi akapiga kelele "Tatu!" mpaka jirani akagonga ukuta. Mama alivaa kizibao cha barafu kwa mara ya kwanza, akasema amekuwa duka la samaki mwenyewe. Baba alimfunga vifungo vya mgongoni taratibu, akichukua muda mrefu kuliko vifungo vyenyewe.

Leo sindano zimebaki tatu. Vidole viwili vya mguu vimerudi, vitatu bado viko njiani.

Vipimo ulivyotaka nimeviandika nyuma ya ukurasa huu. Nimejipima mwenyewe na futi ya Baba akiwa ameenda kununua uzi. Sielewi kwa nini hukumuuliza yeye, maana vipimo vyangu anavijua kwa kichwa tangu nilipovaa sare ya kwanza ya shule.

Kitu cha mwisho. Tulipotoka hospitali Mama alinishika mkono pale getini, akasema mambo mengine yote atamweleza Baba mwenyewe, sindano, vidole, hata karatasi ya pili. Ila namba saba, hapana. "Baba yako anadhani ni amri ya hospitali," akasema, "na anaitekeleza vizuri. Mwanamume akiambiwa amerudi nyumbani kwa ujanja wa mtoto, atajisikiaje?" Nikamwahidi. Mimi kunyamaza nakuweza, sasa angalau ninanyamaza kwa sababu nzuri.

Kwa hiyo nakuomba, Mama Mdogo. Tunaojua ni Mama, mimi na wewe. Barua hii ukimaliza kuisoma, ukishanakili vipimo, iwashie jiko. Baba asijue kamwe nani aliandika namba saba.

Mwanao anayekupenda,
Kimya